Kanisa linaloanzia katikati: kuisoma priori ya St Bartholomew, London

Ukitoka kituo cha treni cha Farringdon na kutembea kuelekea Smithfield, soko kongwe la nyama la London, utakutana na lango linalotatiza macho. Chini ni tao la mawe la karne ya 13. Juu ya tao imekaa nyumba nyembamba ya mbao na lipu, iliyojengwa mwaka 1595. Ukipita chini yake unajikuta kwenye njia ya mawe, kushoto kwako makaburi ya zamani yaliyo juu kidogo ya usawa wa njia, na huko mwisho ndipo linapoonekana kanisa: kuta za mawe na gumegume, pamoja na mnara mfupi wa matofali usiofanana na chochote kilichouzunguka.

Mgeni hudhani lile ni geti la uwanja wa kanisa. Sivyo. Tao lile lilikuwa mlango wa kanisa lenyewe. Njia unayoikanyaga ilikuwa sakafu ya ndani, na pale penye makaburi ndipo waumini waliposimama kusikiliza misa. Ukifika kwenye mlango wa leo na kuusukuma, unaingia mahali palipokuwa katikati ya jengo. Nusu ya magharibi haipo. Iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1540, na kanisa la St Bartholomew the Great limeishi na kovu hilo kwa karibu miaka 500.

Makanisa ya namna hii yamejaa Uingereza: makubwa kuliko kijiji au mtaa unaoyatumia, yaliyokatwa upande mmoja, mawe ya zama moja yakiwa yamepandana na ya zama nyingine. Yanaitwa makanisa ya priori. Watu hupiga picha, husifu uzee wake, kisha huondoka bila kujua wameona nini. Mimi naona St Bartholomew ndilo la kuanzia kwa mtu anayetaka kuyaelewa, kwa sababu kila mshono wake unaweza kuutajia mtu aliyeufanya na sababu iliyomsukuma.

Tuanze na neno. Msomaji wa Tanzania analijua neno abasia kutokana na Peramiho au Ndanda: nyumba ya watawa inayoongozwa na abate. Priori ni nyumba ya watawa ambayo mkuu wake si abate bali ni prior. Nyingine zilikuwa matawi yaliyo chini ya abasia mama. Nyingine zilijitegemea kabisa, ila tu shirika lao au mwanzilishi wao hakuwapa cheo cha abate. Kwa hiyo neno hili halikuambii ukubwa wala utajiri. Kanisa kuu la Durham, miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya Uingereza ya zama za kati, lilikuwa mikononi mwa priori ya Wabenedikto.

Nyumba ya Smithfield ilikuwa ya aina ya pili, na wakazi wake hawakuwa wamonaki. Walikuwa makanoni, yaani mapadre walioishi pamoja bila mali binafsi, wakifuata kanuni ya maisha inayotokana na maandishi ya Mtakatifu Augustino. Waliimba sala za saa usiku na mchana kama wamonaki, lakini upadre wao uliwaweka karibu zaidi na watu: wangeweza kuhudumia parokia, kuwapokea wasafiri na kusimamia hospitali. Wasomaji wa pwani wasiwachanganye na Waagustino waliokuja Mombasa pamoja na Wareno mwishoni mwa karne ya 16. Hao walikuwa ndugu wa shirika jingine, lililoundwa katika karne ya 13. Wanachoshirikiana ni baba mmoja wa kiroho na kanuni yake.

Mwanzilishi aliitwa Rahere. Habari zake nyingi zinatoka katika simulizi iliyoandikwa na mmoja wa makanoni wa nyumba hiyohiyo baadaye katika karne ya 12, na lazima tuisome tukikumbuka kwamba ni mtoto anayemsifu baba yake. Inasema Rahere alikuwa mtu wa asili ya chini aliyejipenyeza katika ikulu ya mfalme Henry wa Kwanza kwa ucheshi na maneno matamu. Kisha akaenda kuhiji Roma. Huko akaugua homa kali, akaweka nadhiri kwamba akipona atajenga hospitali ya maskini London. Alipokuwa njiani kurudi, Mtakatifu Bartolomayo alimtokea katika ndoto na kumwagiza ajenge pia kanisa, tena akamtajia mahali: Smithfield.

Mahali penyewe hapakuwa pa kutamanika. Palikuwa nje ya ukuta wa jiji, ardhi ya majimaji, kwenye kiwanja cha mfalme kilichotumika kwa soko na kwa kunyongea wahalifu. Mfalme akakubali kutoa eneo, na mwaka 1123 hospitali na priori vikaanza pamoja. Hospitali ile bado ipo, palepale ilipoanzishwa, ikitibu wagonjwa hadi leo. Hakuna nyingine Uingereza yenye umri huo ambayo haijahama kiwanja chake. Mwaka 1133 mfalme aliipa priori haki ya kuendesha maonyesho ya biashara kila Agosti, wakati wa sikukuu ya mtakatifu wao. Maonyesho hayo yaliifaa priori kwa mapato, yakageuka kuwa gulio maarufu la vitambaa, kisha la burudani, na hayakufungwa hadi mwaka 1855. Kichochoro kilicho ubavuni mwa kanisa kinaitwa Cloth Fair mpaka sasa.

Sasa jengo. Wajenzi wa zama zile walianza mashariki, kwenye altare, kwa sababu huko ndiko ibada ilikohitaji paa kwanza, kisha wakasonga magharibi kadiri fedha zilivyopatikana. Kwa priori hii kazi hiyo ilichukua zaidi ya karne nzima. Rahere alijenga upande wa altare na sehemu ya kwaya, yaani mahali makanoni walipoketi kwa safu mbili zinazotazamana wakipokezana zaburi. Baada ya kifo chake katika miaka ya 1140, mkuu aliyemfuata, Thomas, aliendeleza ujenzi hadi kwenye makutano ya msalaba, yaani pale mikono miwili ya jengo lenye umbo la msalaba inapokutana na mwili wake. Ukumbi wa waumini, upande wa magharibi, ulikamilika kwenye karne ya 13, kama mwaka 1230 hivi. Tao la lango tulilolipita mwanzoni ni la awamu hiyo ya mwisho.

Shika jambo hilo, maana ndilo linaloshangaza zaidi hapa: kilichobomolewa ndicho kilichokuwa kipya, na kilichosalia ndicho kikongwe.

Simama sasa ndani ya sehemu ya kwaya, utazame juu. Ukuta umepangwa kwa tabaka tatu. La chini ni nguzo nene za mviringo zinazobeba matao ya nusu duara, mazito, yasiyo na mapambo mengi. Huu ni mtindo wa Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066 na kuijaza ngome na makanisa yenye uso huohuo wa mabavu. La pili ni roshani inayopita juu ya shoroba za pembeni, na kila tao lake kubwa limekumbatia matao manne madogo yanayokaa juu ya vinguzo vyembamba. Ukiyatazama kwa muda utaona mdundo wake: moja, nne, moja, nne, hadi kwenye nusu duara inayozunguka altare. Tabaka la juu ni madirisha, na hapo mambo yanabadilika ghafla. Madirisha hayo yamechongoka juu na yanapitisha mwanga mwingi, kwa sababu ni kazi ya mwanzoni mwa karne ya 15, makanoni walipolijenga upya tabaka hilo kwa mtindo wa Kigothi wa siku zao. Miaka 250 hivi inatenganisha mawe ya chini na ya juu, katika ukuta mmoja.

Mitindo hii miwili hufundishwa kana kwamba siku moja Wanormani walilala na kesho yake wakaamka Wagothi. Makutano ya msalaba hapa yanaonyesha jinsi mambo yalivyokwenda kweli. Matao manne makubwa yanazunguka eneo hilo. La mashariki na la magharibi ni ya nusu duara. La kaskazini na la kusini yamechongoka, ingawa ni ya karne ya 12, kabla mtindo wa Kigothi haujashika Uingereza. Sababu ni hesabu tupu. Eneo la makutano si mraba, ni mstatili. Tao la nusu duara haliwezi kujichagulia kimo: likiwa na upana wa mita nane litapanda mita nne, likiwa na mita sita litapanda tatu. Matao ya upande mwembamba yangetoka mafupi kuliko wenzake. Mwashi akalivunja duara juu, akalichongoa, na tao jembamba likafikia kimo cha tao pana. Hakuwa akifuata fasheni. Alikuwa na tatizo la kazini akalitatua, na utatuzi wa namna hiyo, ukirudiwa na mafundi wengi sehemu nyingi, ndio uliolainisha njia ya usanifu wa Kigothi wote.

Upande wa kusini palikuwa na makazi ya makanoni, yamepangwa kuzunguka ua wa ndani wenye baraza pande zote nne. Neno letu baraza linafaa kabisa, kwa sababu palikuwa mahali pa kutembea, kusoma na kukaa bila kunyeshewa, katikati ya chumba cha mikutano, bwalo la chakula na mabweni. Upande wa mashariki, nyuma ya altare, katika karne ya 14 kiliongezwa kikanisa cha Bikira Maria. Kaburi la Rahere, kaskazini mwa altare, lilipata sura yake ya sasa mwaka 1405 au karibu na hapo: amelala akiwa na joho lake la kikanoni, malaika miguuni, na pembeni yake makanoni wawili wadogo waliopiga magoti wakisoma Biblia. Kurasa zao zimefunguliwa Isaya 51, penye ahadi kwamba mahali palipokuwa ukiwa patafanywa kama bustani ya Edeni. Waliochagua sura hiyo walikumbuka kwamba nyumba yao ilisimama juu ya tope.

Juu zaidi, kwenye roshani ya kusini, kuna dirisha linalochomoza kama kibanda kilichobandikwa ukutani. Lilijengwa takriban mwaka 1517 na mkuu wa priori William Bolton, ili aweze kuifuatilia misa na kulitazama kaburi la mwanzilishi bila kushuka kutoka makazini kwake. Chini ya dirisha pamechongwa mshale uliotoboa pipa. Kwa Kiingereza cha wakati ule mshale mfupi wa aina hiyo ni bolt, na pipa kubwa ni tun: ukiyatamka pamoja unapata jina lake. Bolton hakuwa mtu wa sala peke yake. Alisimamia pia ujenzi wa kikanisa cha mfalme Henry wa Saba pale Westminster, na alijua jiwe zuri akiliona. Aliaga dunia mwaka 1532. Mwaka huohuo priori ya makanoni wenzao ya Holy Trinity, Aldgate, kilomita chache kutoka hapo, ilikabidhiwa kwa mfalme. Huo ulikuwa mwanzo wa mvua.

Henry wa Nane alijitangaza mkuu wa Kanisa la Uingereza mwaka 1534. Mwaka uliofuata waziri wake Thomas Cromwell alituma watu kuandika mapato ya kila nyumba ya watawa nchini. Mwaka 1536 sheria ikafunga nyumba zenye mapato chini ya paundi 200 kwa mwaka. Zile kubwa hazikufungwa kwa sheria moja, ziliminywa mojamoja hadi wakuu wake wakatia saini kwamba wanazitoa kwa hiari. Kufikia mwaka 1540 nyumba zaidi ya 800 zilikuwa zimetoweka. Sababu za kidini zilikuwepo, lakini anayetaka kuelewa hatima ya majengo afuate fedha. Mfalme alihitaji pesa, na bati la risasi lililoezeka mapaa ya watawa lilikuwa pesa iliyokuwa ikisubiri kuyeyushwa. Risasi ikishaondolewa, mvua inamaliza kazi.

Mkuu wa mwisho wa St Bartholomew alikuwa Robert Fuller, ambaye wakati huohuo alikuwa abate wa Waltham, kaskazini mwa London. Aliikabidhi priori mwaka 1539. Machi 1540 akaikabidhi pia Waltham, abasia ya mwisho kufungwa Uingereza nzima. Mtu mmoja, saini mbili.

Kwa nini basi kanisa halikutoweka lote? Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Makanisa mengi ya priori yalikuwa na wenyeji wawili: watawa mashariki, parokia magharibi. Sheria ilivunja nyumba za watawa; parokia haikuigusa. Mahali waumini wa kawaida walipokuwa na haki ya kusali hapakuweza kuuzwa kirahisi. Ndiyo maana Binham, Norfolk, na Bolton, Yorkshire, ukumbi wa waumini umebaki unasaliwa huku upande wa altare ukiwa magofu na majani. Christchurch, mkoani Dorset, kanisa zima liliachiwa parokia na halikukatwa popote.

Smithfield mambo yalikwenda kinyume. Watu walioishi ndani ya eneo la priori walikuwa na altare yao ya parokia katika kikanisa cha upande wa kaskazini. Ukumbi mkubwa ulibomolewa na mawe yake yakachukuliwa, na kikanisa chao nacho kikaenda. Parokia ikabaki na haki isiyo na paa. Ikapewa kilichokuwa bado kimesimama: sehemu ya kwaya, viti vya makanoni wenyewe. Ndiyo sababu leo, katika jiji lililopoteza karibu kila jengo lake la Kinormani, unaweza kukaa katikati ya kazi ya Rahere.

Mwaka 1544 vilivyosalia vya priori viliuzwa kwa Richard Rich kwa zaidi ya paundi 1,000. Rich alikuwa mkuu wa idara iliyoundwa kusimamia mali zilizonyang'anywa watawa, yaani alikuwa mpimaji wa nyama kisha akawa mnunuzi. Ni huyuhuyu ambaye ushahidi wake ulisaidia kumpeleka Thomas More, waziri wa zamani wa Henry wa Nane aliyekataa kumtambua kuwa mkuu wa Kanisa, kwenye shoka mwaka 1535. Alihamia katika makazi ya mkuu wa priori. Malkia Mary, Mkatoliki, alipotawala, mahali pale wakapewa ndugu Wadominiko mwaka 1556, nao wakakusudia kuujenga upya ukumbi uliobomolewa. Miaka hiyohiyo, mbele ya lango lao, Waprotestanti walichomwa moto hadharani. Mdogo wake Mary, Elizabeth, Mprotestanti, alipotwaa kiti, Wadominiko wakaondolewa mwaka 1559, na Rich akarudishiwa mali yake.

Kilichofuata ni karne tatu ambazo wanahistoria wengi huzipita kwa haraka, na mimi ndizo zinazonigusa zaidi. Parokia ilikuwa maskini na ilihitaji kila shilingi ya kodi. Mwaka 1628 ilijenga mnara wa matofali, kwa kuwa matofali ndiyo waliyoyamudu. Moto mkubwa wa mwaka 1666, ulioteketeza sehemu kubwa ya jiji, ulizimika hatua chache kabla ya kufika hapa. William Hogarth, mchoraji, alibatizwa mwaka 1697 katika birika la mawe ambalo bado linatumika. Kikanisa cha Bikira Maria kiligeuzwa nyumba za kupanga, kisha kiwanda cha kuchapa. Benjamin Franklin, kijana kutoka Marekani aliyekuwa hajafikisha miaka 20, alifanya kazi kwa mchapaji Samuel Palmer katika eneo hilo mwaka 1725, na mapokeo ya mahali yanasema ni ndani ya kikanisa hicho. Baadaye kiwanda cha kufuma tarizi za pindo kikachukua nafasi, kikajitanua hadi kuchomoza juu ya altare. Mkono wa kaskazini wa msalaba ulikuwa karakana ya mhunzi. Baraza la makanoni lilikuwa zizi la farasi. Roshani ya kaskazini ilikuwa darasa la watoto. Jumapili watu walisali huku juu ya vichwa vyao kuna ghorofa la kiwanda.

Ni rahisi kuliita hilo kufuru. Lakini karakana ilihitaji kuta, kwa hiyo kuta hazikubomolewa. Zizi lilihitaji paa, na baraza likabaki na sehemu ya paa lake.

Katika miaka ya 1880 parokia ilianza kuvinunua vipande hivyo kimoja baada ya kingine, ikiongozwa na msanifu Aston Webb, ambaye baadaye alichora uso wa sasa wa kasri la Buckingham. Nduguye, Edward, aliitumikia parokia na kuandika historia yake. Kiwanda kiliondolewa juu ya altare na nusu duara ikakamilishwa upya. Mikono ya msalaba ilijengwa tena, ya kusini kwanza kisha ya kaskazini mwaka 1893, mifupi kuliko ya awali kwa sababu ardhi iliyobaki ilikuwa ndogo. Kikanisa cha Bikira Maria kilirudi kwenye ibada mwaka 1897. Webb hakuighushi kazi ya Wanormani. Kuta zake za nje alizivika gumegume na mawe meupe yaliyopangwa kama ubao wa drafti, na mtu mwenye jicho anaweza kuweka kidole kwenye mstari ambapo karne ya 12 inaishia na karne ya 19 inaanza. Ningependa warejeshaji wote wa majengo ya kale wangekuwa waaminifu kiasi hicho.

Jambo moja hata Webb hakulipanga. Nyumba ya mbao iliyo juu ya lango ilikuwa imefunikwa kwa muda mrefu, na wapita njia waliona jengo la kawaida la duka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meli ya angani ya Wajerumani, Zeppelin, iliangusha bomu karibu na hapo. Mtikisiko ukalegeza kifuniko, na mbao za mwaka 1595 zikaonekana tena zikiwa zimekaa juu ya mlango wa karne ya 13, kipande kilichosimama peke yake cha ule ukumbi uliopotea.

Ukiwa pale, kabla ya kutoka kupitia mlango huo, subiri kengele. Ziko tano kwenye mnara wa matofali, zilisubuliwa na Thomas Bullisdon takriban mwaka 1510, enzi za mkuu Bolton. Makanoni walizitumia kwa miaka kama 30 tu, kisha wakaondoka. Sauti unayoisikia kutoka huko juu ndiyo ileile iliyowaita kwenye viti vya kwaya.